Re: Mngurumo msituni nyuma ya nyumba (Duluth)

> Hamjambo humu. Tumehamia pembeni mwa msitu. Tangu theluji iyeyuke, kila alfajiri kuna kitu kinaanza tu... tu... tu, kisha tutututu, halafu kimya. Mume wangu anashikilia ni jenereta ya jirani inagoma kuwaka. Nani anajua?

Dada, mwambie shemeji asiende kumgongea jirani. Huyo ni ndege, grausi, wa ukoo mmoja na kwale. Dume hupanda juu ya gogo lililoanguka, akakita mkia, akapiga mbawa kwa nguvu. Wengi hudhani anapiga gogo au kifua chake. Hapana, ni hewa tu. Aprili na Mei ndio anaita majike, na mlio ni mzito hata unausikia kifuani kuliko masikioni. Baridi ikikolea hujitosa ndani ya theluji laini akalala humo, kwa hiyo mkitembea msituni Januari msishtuke akifumuka miguuni penu.

Watu humwinda. Hapa Minnesota msimu ni katikati ya Septemba hadi mwanzoni mwa Januari, mwisho ndege watano kwa siku. Unakata leseni ya wanyama wadogo, na aliyezaliwa baada ya 1979 anapitia kwanza mafunzo ya usalama wa silaha. Vaa nguo ya chungwa kali au waridi kali juu ya kiuno. Nyama usiuze, hata kwa harambee.

Ila wenye viza za muda na kesi za kuomba hifadhi ya ukimbizi, nawasihi: msishike bunduki, hata ya kuazimwa na mfanyakazi mwenzio, kabla ya kuongea na mwanasheria wa uhamiaji. Sheria ya silaha ya shirikisho inaangalia hadhi yako ya uhamiaji, na kosa lake laweza kukurudisha nyumbani.

> Asalaam aleikum. Na sisi Waislamu?

Waaleikum salaam kaka. Bismillahi kabla ya kufyatua, na ukimkuta bado hai mchinje. Mambo ya ndani zaidi muulize sheikh wako.

Jikoni: nyama nyeupe, haina mafuta, kifua hukauka upesi. Mie mapaja nayaacha yachemke kwenye tui, kifua nakitia mwishoni. Kabla ya hapo chunguza kila tundu la risasi. Risasi huingia na kiunyoya, ukikivuta nayo hutoka. Usipoitoa, jino litakueleza.