Tupeane uzoefu: ukiwa misheni ugenini, mtoto akikupa chake unapokeaje?

Mkoba Mmoja: Wapendwa, wengi tunaotumwa nchi za watu tunafundishwa kutoa. Kupokea hatufundishwi. Wiki ya kwanza tu mtoto anakuja na nusu ya tunda lake, mkono kaunyoosha, na mtu mzima anababaika. Tuweke hapa yanayofaa na yanayoharibu. Masimulizi ya safari tuyaache kwa leo.

Kibuyu: Anza na mwili. Weka simu chini, chuchumaa mpaka macho yalingane, pokea kwa mikono miwili. Sehemu nyingi za dunia mkono wa kushoto peke yake ni utovu wa adabu. Neno la "asante" kwa lugha ya wenyeji lijue kabla hujapanda ndege, na likifika kinywani litaje pamoja na kitu chenyewe: "asante kwa ua hili" humfikia mtoto kuliko "asante" tupu.

Kosa la kwanza ni "hapana, kula wewe". Sisi tunaona huruma, yeye anaona chake kimekataliwa. Ikiwa unahisi ndicho chakula chake cha mchana, kigawe hapohapo mle wote wawili.

Muuguzi wa Zamu: Na tumbo je? Nawa mikono, menya tunda mwenyewe. La kumenya ni salama kuliko lililooshwa, kwa kuwa mara nyingi shida iko kwenye maji ya kuoshea. Maji ya kunywa yatokote dakika 1 nzima. Mkiwa juu ya mita 2,000 ziwe dakika 3, maana huko yanachemka kabla hayajawa ya moto sana. Yai lipikwe mpaka kiini kigande. Usichoweza kula, shukuru na ukiweke, ila usikitupe karibu na nyumba. Watoto hupita jalalani!

Kibuyu: Narudi kwenye kosa kubwa kuliko yote: kulipa papo hapo. Mtoto katoa ua, mgeni kachomoa pipi. Kesho yake wamejipanga kumi na tano, kila mmoja na ua lake, na hapo si zawadi tena, ni soko. Utafiti wa wanasaikolojia Warneken na Tomasello wa mwaka 2008 ulihusu watoto wa miezi 20: waliotuzwa vitu kwa kusaidia walipunguza kusaidia baadaye, kuliko waliosifiwa tu au wasiopewa chochote. Mwaka 2012, Aknin na wenzake huko Kanada waliona watoto ambao hawajatimiza miaka 2 wakionyesha furaha zaidi wanapotoa kuliko wanapopokea, hasa wakitoa kilicho chao. Kwa hiyo ukimlipa haraka unamkatizia furaha yake mwenyewe.

Ukitaka kurudisha fadhila, subiri wiki kadhaa, zungumza na wazazi, kisha toa kitu cha wote, kama mpira.

Mkoba Mmoja: Ndugu Kibuyu, na akija peke yake mlangoni?

Kibuyu: Toka nje, pokea mahali pa wazi. Taratibu za ulinzi wa watoto hazipimi nia yako: zawadi za siri kati ya mtu mzima na mtoto mmoja ni dalili ya hatari, basi. Mwambie mzazi au mlezi siku ileile. Hiyo inasaidia na jambo jingine, kwani huenda yai limetoka kwenye akiba ya mama bila ruhusa. Likiwa hivyo, lirudishe kwa mzazi faraghani, mtoto asiaibike.

Daftari la Jioni: Shukrani ikiachwa kichwani hupotea. Mara moja kwa wiki andika mistari mitatu: alitoa nini, kilimgharimu nini, wewe umegundua umekuwa ukichukulia nini kuwa ni haki yako. Huo wa tatu ndio wenye kazi. Wengi huishia kuandika "namshukuru Mungu sina maisha kama yao". Hapo umejilinganisha tu, na mtoto umemgeuza kipimo.

Hali kadhalika barua za wafadhili. "Maskini lakini wana furaha" ifute. Eleza tendo lenyewe. Picha ni kwa ridhaa ya mzazi, na jina la mtoto na la kijiji visikae pamoja.

Muuguzi wa Zamu: Nyongeza ya mizigo. Manyoya ya baadhi ya ndege, matumbawe na baadhi ya kombe za baharini hubanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unaotumika tangu 1975. Mbegu na matunda mabichi nchi nyingi huyazuia mpakani. Uliza forodha mapema. Kisichopita, mwachie mwenzako anayebaki kituoni.

Daftari la Jioni: Michoro haina shida. Iweke katikati ya maboksi mawili bapa, usiikunje, na tarehe iandike nyuma kwa penseli. Wino hupenya karatasi.