Bi mkubwa ana presha ya macho na mikono inatetemeka: kidude gani kinafaa kumsaidia kutia matone?

Korosho Ghafi

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uzoefu.

Bi mkubwa wangu yuko Newala, umri umeenda. Ana presha ya macho na daktari amempangia Timolol ya 0.5%, tone moja kila jicho, asubuhi na jioni. Kasheshe ni kuifikisha hiyo dawa ndani ya jicho. Vidole vya mkono wa kulia vimevimba kwenye maungio, na ile miaka ya kubangua korosho haikumhurumia. Mkono wenyewe unatetemeka. Akikaza kubinya, chupa inahama: tone la kwanza kwenye nyusi, la pili kwenye shavu, la tatu anasema "hili limeingia" huku naliona linateremka pembeni ya pua. Chupa ya mililita 5 haifiki mwisho wa mwezi, na famasia wakati mwingine wanamwambia apite wiki ijayo.

Mjukuu angeweza kumtia, ila asubuhi anawahi shule, na mama mwenyewe hataki. Anasema hajafikia kushikwa jicho na mtoto. Anataka akishaswali Alfajiri akae palepale kwenye mkeka ajitie mwenyewe. Namuelewa kabisa.

Sasa mtandaoni nimeona vidude vya plastiki vya kuvisha kwenye chupa. Viko vya kila aina, bei hazifanani, na picha zote ni Wazungu wanatabasamu kana kwamba dawa haiwashi. Kuna aliyewahi kutumia? Kipi kinafaa mkono dhaifu?

Nesi wa Macho

Pole, na hongera kwa kumfuatilia mama. Mimi niko kitengo cha macho, upande wa Lindi. Kabla hujatoa hela, kaa karibu naye akijitia dawa umwangalie vizuri, kwa sababu vidude hivyo vina kazi tofauti na ukinunua kisichomhusu kitaishia kabatini.

Kuna vya kulenga. Mfano ni Autodrop ya Owen Mumford, kampuni ya Uingereza. Kinabanwa kwenye chupa, halafu kikombe chake kinakaa juu ya jicho. Ukingo wa kile kikombe unashikilia kope la chini lisifunge, na kuna kitundu cha kuchungulia ili jicho litazame kwingine lisilione tone linavyokuja. Kinamfaa anayekosea shabaha au anayepepesa sana. Lakini kubinya bado ni kwa vidole vyako.

Kuna vya kubinya. Haohao wana Autosqueeze: mabawa mawili yanashika chupa ubavuni kama kibanio cha nguo, unaminya kwa kiganja kizima badala ya ncha za vidole. Hapo mkono dhaifu unapata nafuu, ila shabaha ni juu yako.

Halafu kuna vinavyofanya yote mawili, kama Opticare. Chupa inaingia nzima ndani ya ganda, ganda linaegemea kuzunguka jicho, unabana ganda lenyewe. Kwa ulivyoeleza, mama anatetemeka na vidole havina nguvu, mimi ningeangalia kundi hili kwanza.

Kuhusu chupa kuisha mapema, piga hesabu. Tone moja ni kama mililita 0.04, kwa hiyo chupa ya mililita 5 inatoa matone 125 hivi. Mama anahitaji manne kwa siku, yaani 120 kwa mwezi. Hakuna akiba ya kumwaga shavuni. Asitie la pili "kwa uhakika" pia, maana jicho halibebi hata tone moja zima, linalozidi linatoka nje au linapita kwenye kijia cha machozi kwenda puani. Akishatia afumbe jicho na kubonyeza taratibu kona ya ndani, pale karibu na pua, dakika moja au mbili. Timolol ikipita huko inaingia kwenye damu na inaweza kubana kifua au kupunguza mapigo ya moyo. Ana pumu?

Mzee wa Msanga Mkuu

Nesi kamaliza, naongeza la kwangu. Kijana wangu aliniletea kidude kutoka Dar, kikaingia kwenye chupa vizuri, nikafurahi. Mwezi uliofuata famasia wakanipa dawa ileile ya kiwanda kingine, chupa nene, shingo fupi. Hakikuingia hata kwa kusukuma. Hela imelala. Kwa hiyo bwana mdogo, usiagize kwa kuangalia picha. Chukua chupa tupu ya mama, pima unene na urefu, ulinganishe na maelezo ya muuzaji, kisha muombe mwenye famasia asimbadilishie chupa bila kumwambia.

Mimi sasa natumia ngumi. Ngumi ya kushoto naiweka shavuni, kwa kifundo cha kidole navuta kope la chini. Mkono wenye chupa unakaa juu ya ile ngumi. Ukitetemeka, vyote vinatetemeka pamoja na kichwa, tone linaangukia palepale. Haina gharama.

Dawa ya Asili Tu

Mwambieni atie maziwa ya mama au asali mbichi, hizo za hospitali zinaua macho.

Nesi wa Macho

Ndugu yangu, hapana. Presha ya macho inakula mshipa wa jicho kimyakimya, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Watu wanaacha dawa kwa sababu hawaoni wakiona vizuri zaidi, kumbe kazi yake ni kulinda kilichobaki. Asali jichoni inaweza kukuletea kidonda juu yake.

Binti Mikindani

Kaka, bibi yangu tulimfundisha kulala chali. Anafumba macho, anadondosha tone kwenye kona ya ndani, kisha anafumbua na linaingia lenyewe. Lazima kona iwe imeoshwa ikawa safi, na mdomo wa chupa usiguse ngozi. Jingine, chupa tunaiweka ndani ya kikombe pembeni ya mtungi, inapoa kidogo. Tone la baridi analisikia likigusa jicho, kwa hiyo hana haja ya kurudia. Huku pwani kwenye joto tunaona tofauti, Newala nadhani baridi yenu inatosha.

Ukinunua kidude, kiwe chake peke yake na kioshwe kwa maji na sabuni. Najua maji huko juu ni ya kuhesabu, ila hicho hakihitaji hata kikombe kizima. Na msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho kikae kwenye mfuko umefungwa, ule unga unaingia kila mahali.

Korosho Ghafi

Asanteni sana wote. Pumu hana, nimempigia nikamuuliza. Nimemuelekeza ngumi ya Mzee kwa simu, mjukuu akishuhudia: jicho la kushoto limekubali, la kulia bado kwa sababu kidole hakibinyi. Kwa hiyo nimeamua ni kile cha chupa kuingia nzima. Chupa tupu inakuja na basi kesho nipime kwanza. Mama kauliza swali lake mwenyewe: je, mwezi wa mfungo atatia saa ngapi?

Nesi wa Macho

Masheikh wengi wanasema tone la jichoni halifunguzi, amuulize imamu wake. Akiona moyo unasita, daku na futari zinapishana kwa saa 13 au 14 hivi, si mbali na saa 12 tunazozitaka. Amwambie daktari wake mapema kwenye kliniki ijayo. Na tarehe ya kufungua chupa iandikwe kwa kalamu kwenye lebo, wiki 4 zikiisha atupe hata kama imebaki.