Mjadala: Je, radiolojia tiba ifundishwe Muhimbili pekee, au nasi Tabora tupokee wanafunzi?

Ndugu wachangiaji, hoja iliyo mezani inasema kwamba radiolojia tiba, yaani tiba inayofanywa kwa sindano na mirija huku daktari akiongozwa na picha, ifundishwe Muhimbili pekee, kwa kuwa huko ndiko waliko mabingwa bobezi na wagonjwa wa kutosha. Naiheshimu, lakini mimi mkazi wa Tabora siikubali yote.

Ni kweli kwamba Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilianzisha shahada ya fani hii mwaka 2019, na kwamba anayeisoma kwa miaka miwili ni daktari ambaye tayari ni bingwa wa radiolojia. Kuziba mshipa wa damu unaolisha uvimbe wa kizazi ni kazi ya bobezi na ya mashine maalumu, na hapo sina ubishi.

Ninachobishia ni mirija ya kutoa mkojo, usaha na nyongo. Shangazi yangu ana saratani ya shingo ya kizazi iliyobana njia za mkojo hadi figo zikajaa. Tulimsafirisha kwa treni hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, miguu ikiwa imevimba, na huko niliruhusiwa kusimama karibu na kichwa chake. Alichomwa ganzi mgongoni, kisha sindano ndefu ikaingizwa huku daktari akiifuata kwenye skrini ya altrasaundi. Mkojo ulipochuruzika, waya ukapitishwa ndani ya sindano, sindano ikatolewa, na mrija wenye ncha iliyojikunja ukateleza juu ya waya hadi ndani ya figo. Njia hiyo ya kutanguliza waya ilibuniwa na Msweden Seldinger mwaka 1953. Altrasaundi ipo hata huku kwetu.

Mrija wa namna hiyo hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Wa shangazi ulichomoka katika wiki ya tano, usiku, alipogeuka kitandani, na katika hospitali tuliyokimbilia hapakuwa na aliyewahi kuushika. Tukapanda treni tena, tundu la mgongoni likiwa limeanza kufunga.

Kwa hiyo napendekeza kila daktari anayesomea ubingwa wa radiolojia, hata asiyekusudia kuwa bobezi, afuzu kuweka na kubadilisha mirija hii kabla ya kuhitimu, na sehemu ya mwaka wake wa mwisho aitumie mikoani. Hofu ya damu kuvuja ni ya haki kabisa. Ndiyo maana bobezi atangulie naye kwa majuma ya kwanza, wapangiwe hospitali yenye daktari wa upasuaji na damu ya akiba, na mgonjwa apimwe kwanza kama damu yake inaganda vizuri.

Wanaosema mwanafunzi asitoke Muhimbili, naomba wanijibu hili moja: mrija ukichomoka Urambo au Sikonge usiku wa manane, wanataka mgonjwa aende kwa nani?