Nimepata visanduku vya kale vya Kijapani, kona imechubuka, nipake vanishi au niache?

Asha_wa_Tanga
Habarini jamani. Mi niko Kyoto nasoma, mwezi wa nne Mungu akijaalia narudi nyumbani. Hapa kila tarehe 21 kuna gulio kwenye hekalu la Toji, vitu vya kale vinauzwa chini kwenye mikeka, ndo nikakuta seti ya visanduku vitatu vya kupandana na kifuniko kimoja, wenyewe wanaita jubako, wanawekea chakula cha mwaka mpya. Nje vyeusi tii, ndani vyekundu, juu ya kifuniko kuna korongo wawili na msonobari wa dhahabu. Nimempenda kila korongo peke yake. Nataka viwe pambo la sebuleni kwa mama, sio vya kulia.

Sasa kona ya kisanduku cha chini imechubuka kama punje ya hindi hivi, na bawa la korongo mmoja dhahabu imefifia. Mdogo wangu anasema nikifika nimpe fundi fanicha apige msasa kidogo apake vanishi nyeusi vitakuwa vipya, ila roho yangu inasita. Alafu nitajuaje kama ni urushi kweli, ile rangi ya asili ya Kijapani, na sio plastiki? Nilipanga vikae juu ya kabati la tivii, pale dirishani. Mwenye uzoefu anisaidie.

BabaRehema
Dada Asha msasa usiguse kabisa, tafadhali. Nimeishi mkoa wa Ishikawa miaka sita, nimeona kazi yenyewe. Urushi ni utomvu wa mti, mti unasubiriwa miaka 10 mpaka 15 ndo ugemwe, na msimu mzima unatoa kama gramu 200 tu, baada ya hapo wanaukata. Inapakwa nyembamba, inaachwa ikauke, inasuguliwa, inapakwa tena, na haikaushwi juani kama rangi zetu, inawekwa kwenye kabati lenye unyevu ndo inakuwa ngumu. Pale Wajima, mji wa hukohuko Ishikawa, kazi moja inapita hatua zaidi ya 100, kingo wanazibandika kitambaa kwanza ndo wapake urushi iliyochanganywa na udongo wa kuchomwa na kusagwa. Tetemeko la tarehe 1 Januari 2024 liliangusha karakana nyingi kule na soko lao la asubuhi likaungua, mpaka leo nikiona chombo cha Wajima moyo unauma.

Chukua tochi umulike pale palipochubuka. Ukiona nyuzi za kitambaa na mbao, tulia, ni mali. Plastiki ina mstari wa kalibu chini au pembeni, na kona zake zote zinafanana mno.

Mkorosho_Mtwara
Naongezea hapo. Huo mti wa urushi ni ukoo mmoja na mkorosho na mwembe, ndo maana utomvu wake mbichi unababua ngozi kama yale mafuta ya ganda la korosho yanavyotubabua mikono huku kwetu. Ikishakauka vizuri haina shida, gusa tu. Na ujue Wajapani wana rangi nyingine wanatengeneza na mafuta hayohayo ya ganda la korosho, inang'aa karibu sawa na urushi, kwa hiyo kung'aa peke yake kusikudanganye.

MamaZuhura_Msa
Asha mwanangu, dirishani usiweke. Mimi mume wangu alikuwa baharia, aliniletea bakuli jeusi kutoka Yokohama, nikaliweka pale jua la asubuhi linapopiga nilione kila nikiamka. Miaka miwili mitatu upande ule ukapauka ukawa kijivu, mimi nikadhani ni vumbi nikachukua kitambaa kibichi nikasugua, ukazidi kuwa mbaya, nyuma haurudi tena. Jua ndilo adui yake. Weka ukuta usiopigwa na jua. Unyevu wa Tanga haukidhuru, ila kiyoyozi kisikipulizie, mbao ikikauka sana inapasuka. Kufuta ni kitambaa laini kikavu, na kwenye dhahabu pitisha pole pole, usikandamize.

Asha_wa_Tanga
Asanteni sana, shikamoo mama. Nimemulika sasa hivi, nyuzi zipo!! nyembamba kama za chandarua, chini yake mbao. Mstari wa kalibu hakuna. Basi vanishi sipaki. Hiyo kona je niiache hivo hivo?

BabaRehema
Hapo ulipo Kyoto ndo penye mafundi wa urushi, mpelekee mmoja kabla hujasafiri, azibe kona tu kwa urushi yenyewe, supa gluu hapana. Lile bawa liache, hao waliokuwa wanafungua hicho kifuniko kila mwaka mpya ndo wamelifuta kwa vidole vyao, mimi naliona zuri hivyo hivyo. Kufunga tumia karatasi laini au khanga iliyofuliwa sana, ile plastiki ya mapovu isigusane na urushi inaacha alama. Vilikuja na sanduku la mbao nyepesi?

Asha_wa_Tanga
Ndio, la mbao nyeupe lina maandishi ya wino juu, nilitaka kuliacha hapa maana linajaza begi.

BabaRehema
Usiliache! Hiyo mbao ni ya mti unaoitwa kiri, ndo inayovilinda na unyevu unaopanda na kushuka, na hayo maandishi mara nyingi yanataja fundi au mwaka. Mtafute mzee wa Kijapani akusomee.

Asha_wa_Tanga
Basi naacha viatu, linaingia begini. Kesho nampelekea bibi mwenye nyumba wangu anisomee.