Blauzi ya Jaipur imechuja na maua hayajakaa sawa, nimepigwa?

MamaTwins_Tanga
Habari zenu wapendwa. Mdogo wangu alikuwa India akapita Jaipur akaniletea blauzi ya pamba, zile wanazogonga maua kwa mkono na kibao cha mti. Chini bluu nzito ya nili, maua mekundu. Nimeipenda jamani. Sasa jana nimeifua mara ya kwanza maji yakawa bluu tupu, na nilivyoianika ndo nikaona wekundu wa maua mengine umetoka nje ya mstari wake mweusi, halafu kwenye mkono kuna sehemu mistari imepandana. Muuzaji alimhakikishia ni kazi ya mkono na bei haikuwa ndogo. Ni orijino kweli? Na hiyo rangi nifanyeje, nataka kuivaa Idi.

fundi_sele
Dada loweka kwenye chumvi na siki usiku kucha rangi itashika. Nguo za pamba za kule nyingi zinachuja, usiogope.

Asha_Upanga
Kaka Sele hapo kwenye siki nakukatalia. Mi nimesoma Jaipur miaka mitatu, wikiendi nilikuwa naenda Bagru, kama kilomita 30 hivi kutoka mjini, kuna watu wanaitwa Chhipa hiyo ndo kazi yao toka mababu. Kwanza kitambaa wanakilowesha kwenye maji ya tunda kavu linaitwa harda kinakuwa cha njano, ndo wanaanza kugonga. Mstari wa nje wa ua una kibao chake, unatoka mweusi, ni vyuma vya kutu vimelowekwa na sukari guru siku kibao mpaka vinachacha. Ndani ya ua kibao kingine, na hapo wanachogonga ni shabu, wekundu wenyewe hauonekani kabisa, unakuja kutokea kitambaa kikichemshwa na rangi kwenye sufuria kubwa la shaba. Mara ya kwanza kuona nilisimama pale nimeduwaa! Baadaye ua linafunikwa na tope lenye chokaa na gundi (wanaita dabu), wananyunyizia vumbi la mbao ili lisigandane, kitambaa kinazamishwa kwenye nili, kinatoka kijani halafu kinageuka bluu hapo hapo kikipigwa na hewa.

Kwa hiyo mama, wekundu umefungwa na shabu hautoki kirahisi. Nili yenyewe inakaa juu juu ya uzi, ile iliyozidi lazima itoke mifuo ya mwanzo, haimaanishi umepigwa. Chumvi haisaidii kitu, na siki au ndimu ndo kabisa, zinakula ule weusi wa chuma.

kitenge_na_kanga
Kujua kama ni mkono chukua ua moja mgongoni na lile lile kifuani uyalinganishe. Mtu anagonga kibao kwa ngumi mara mamia kwa siku, kuna mahali atakandamiza zaidi na mahali mkono utateleza. Ya skrini, yaani iliyochapwa kwa fremu ya wavu badala ya kibao, hata ikiwa na kosa, kosa linajirudia lile lile kila baada ya nafasi ile ile. Huko Sanganer karibu na Jaipur za skrini ziko nyingi na zinauzwa kama za mkono, ndo maana watu wanalia.

MamaTwins_Tanga
Nimeigeuza sasa hivi. La mgongoni limejaa vizuri, la kifuani lina kitobo cheupe kwenye jani, na hilo la kwapani limeinama kidogo. Hakuna linalofanana na mwenzake! Asanteni sana, nilishaanza kumlaumu mdogo wangu bure. Nifueje sasa?

Asha_Upanga
Peke yake, maji baridi, sabuni laini, usiloweke, jiki usiisogeze. Igeuze nje ndani uanike kivulini, jua letu la pwani linapausha nili haraka. Na hiyo Idi usijitande mtandio mweupe mama, ukikaa nayo kwenye joto bluu inahamia shingoni kwenye mtandio. Ifue mara mbili tatu kwanza.

fundi_sele
Sawa dada Asha nimekuelewa, kuna mteja nilimwambia siki jana ngoja nimpigie.