Springi za nyuma za Cherokee XJ: pakiti mpya, jani la kuongeza au shako ndefu?

boksi_kuukuu:
Wakuu habari zenu. Nina Cherokee XJ ya 1996, injini 4.0, nyuma imekaa chini mpaka ukiitazama kwa ubavu unadhani imebeba mzigo wakati ndani hamna hata jeki. Majani ya springi yamenyooka kabisa na la chini limeanza kupindia upande wa pili. Nataka niinue inchi 3, koili za mbele nshapata na shokapu zake, shida ni nyuma. Kuna anaeniambia ongeza jani moja yatosha, mwingine anasema shako ndefu (kile kiungo kinachoshika ncha ya nyuma ya springi kwenye bodi), mwingine anasema bloku, yaani kipande cha chuma kati ya ekseli na springi, ndo rahisi kuliko yote. Na wauzaji wa pakiti kamili, yaani seti nzima ya majani, kila mmoja ana "inchi 3" yake, moja ina majani manne nyingine sita, sasa sijui nachagueje. Gari naendea kazini kila siku, wikiendi familia na mabegi, mara mojamoja njia za mawe na matope.

fundi_majani:
Mkuu anza na uzito, inchi zije baadae. Ile "inchi 3" wanayoandika wamepima kwenye gari lenye uzito fulani ambao wewe huujui. Pakiti hiyohiyo ukiiweka kwenye XJ tupu itakupa inchi 4 na ushee, ukiiweka kwenye yenye bampa ya chuma, tairi la akiba nyuma na sanduku la zana itakupa 2. Kwaiyo kabla hujanunua chochote weka kwenye gari vitu unavyobeba siku zote, tanki lijae, lisimame pa tambarare, chukua tepu upime kutoka katikati ya habu ya tairi mpaka ukingo wa fenda, kulia na kushoto. Usipime toka chini, upepo wa tairi utakudanganya.

Halafu muulize muuzaji ugumu wa springi, yaani inataka kilo ngapi kushuka inchi moja. Mfano tu, kama kila springi inataka kilo 90, basi ukipakia kilo 180 juu ya ekseli ya nyuma gari litashuka inchi moja. Kwa matumizi yako hutaki ngumu sana, maana siku nyingi gari litakuwa tupu na springi ngumu kwenye gari tupu inarusha nyuma kila ukigusa tuta. Asiyejua ugumu wa springi anayouza mimi namruka.

Idadi ya majani peke yake haikwambii kitu. Ugumu wa jani unaenda na kipeo cha tatu cha unene wake, ukiongeza unene maradufu jani linakuwa gumu mara 8, ndo maana majani mengi membamba yanaweza kuwa laini kuliko machache manene na bado yakabeba vizuri. Kwa gari la kila siku ningechukua pakiti ya majani membamba mengi, ncha zimepunguzwa unene na kuna vipande vya plastiki katikati ili yateleze bila kelele. Kitu kingine ninachoangalia ni jani la pili, kama limekunjwa kuzunguka lile sikio (tundu la duara kwenye ncha) la jani kuu. Jani kuu likikatika pale kwenye bushi ya mbele (mpira ulio ndani ya sikio), hilo la pili linaishikilia ekseli isikimbie.

tope_halisemi:
Fundi hapo juu kasema vizuri, mi naongezea tu kwamba jani la kuongeza sio takataka kama watu wanavyolisema. Springi zikiwa bado na upinde wake jani refu, linalokaribia kufika kwenye masikio, linafanya kazi miaka na miaka. Baya ni lile fupi nene la kuweka chini ya pakiti, uzito wote unagotea sehemu moja na majani ya juu yanakatikia palepale linapoishia.

Ila kwa hizo zako zilizolala hapana. Chuma kimeshachoka, ukikiongezea jani jipya hilo jipya ndo litabeba kila kitu na muda si mrefu nalo litalala. Hata ukipeleka zikapindwe upya bila kupashwa moto na kupozwa inavyotakiwa zitarudi kulala tu.

Bloku kwa gari lenye nguvu ya 4.0 sipendi. Inaongeza mkono kati ya ekseli na springi, ukikanyaga mafuta kwa nguvu ekseli inajizungusha na kupinda springi kama herufi S, tairi linaruka ruka. Na usije ukapandanisha bloku mbili, hiyo ni hatari tupu.

Shako ndefu inasaidia kurekebisha kidogo tu. Ili upate inchi 1 lazima shako iongezeke inchi 2, kwaiyo kwa inchi 3 ungehitaji shako ya ajabu na gari lingeyumba kila kona.

spana_17:
Wote mmesema vizuri ila hamjamwambia kinachomsubiri chini ya gari 😅 XJ haina chesisi ya kujitegemea, bodi na fremu ni kitu kimoja, na ile bolti ya sikio la mbele la springi inaingia kwenye nati iliyochomelewa ndani ya fremu ambako mkono haufiki. Bolti inashika kutu ndani ya bomba la chuma la bushi, unavuta spana, nati inabanduka huko ndani, bolti inazunguka bure. Hapo ni kukata tundu kwenye fremu umshike nati au kukata bolti yote. Anza kupulizia dawa ya kutu siku kadhaa kabla, ukifungua ukaona imegoma usilazimishe, rudisha kidogo, puliza, fungua tena. Bolti za juu za shokapu za nyuma nazo zinakatika kwa kuziangalia tu, kuwa na za akiba.

Yubolti (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) nunua mpya, za zamani zimeshavutika. Na zile bolti za masikio na shako usikaze gari likiwa kwenye stendi! Shusha lisimame kwa tairi, litikise, ndo ukaze. Ukikaza likiwa linaning'inia mpira wa bushi unabaki umejisokota muda wote, gari linakaa juu kuliko inavyotakiwa na bushi zinachanika mapema. Ukishatembea kilomita mia kadhaa rudia kukaza yubolti.

boksi_kuukuu:
Aisee asanteni sana. Nimepima jioni hii na mizigo ndani, kushoto iko chini kwa sm 2 kuliko kulia. Hiyo nayo inatokana na springi au kuna kingine? Na vipi propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma, kuna jamaa kaniambia ikiinuka itatetemeka.

fundi_majani:
Kama usukani wako uko kushoto, sm 2 mara nyingi ni springi ya upande wa dereva imechoka zaidi, maana huyo yupo ndani kila safari. Kagua kwanza jani lililokatika na bushi, halafu badilisha zote mbili kwa pamoja. Kabla ya kufunga zisimamishe mpya ukutani zikiwa sambamba, linganisha upinde na angalia bolti ya katikati ya zote iko umbali uleule toka sikio la mbele, isipolingana ekseli itakaa mshazari.

Angalia na shako baada ya kushusha gari. Springi yenye upinde mkubwa ni fupi toka sikio hadi sikio kuliko iliyolala, kwaiyo inavuta ncha ya chini ya shako ije mbele. Unataka ncha hiyo iwe imeegemea nyuma, ikisimama wima au kuelekea mbele gari litakuwa gumu kama toroli hata springi iwe laini vipi. Hapo ndo shako ndefu kidogo au ya kuhamishwa inapata kazi.

Propela ndio, jamaa yuko sahihi. Kama una transfa (boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) ya 231 pale nyuma kuna yoki inayoteleza, yaani ncha ya propela inayoingia na kutoka kwenye transfa, na inchi 3 ni pale pale mpakani, zingine zinatetemeka zingine hazina neno. Funga springi kwanza utembee nayo. Ikitetemeka njia ya haraka ni kuishusha transfa kidogo kwa vipande vya chuma, njia ya kudumu ni kubadilisha hiyo yoki iwe ya kufunga kwa bolti na propela yenye joiniti mbili upande wa transfa. Ukienda huko pua ya difu (pale propela inapofungwa kwenye ekseli) lazima uielekeze kwenye transfa, nyuzi moja au mbili chini yake, kwa kabari kati ya springi na ekseli, na kabari iwe ya chuma, ya aluminiamu inapondeka na yubolti zinalegea. Ukibaki na propela ya kawaida kabari usiiweke kiholela, pua ya difu inatakiwa iwe sambamba na shafti ya transfa.

tope_halisemi:
Na hozi ya breki ya nyuma! Jeki gari kwa bodi, acha ekseli ining'inie kabisa halafu ishike hozi, ikiwa imekaza tafuta ndefu kabla hujatoka nje na gari. Hapo hapo pima na urefu wa shokapu, isiwe ndo inayoibeba ekseli.