Mjadala: Kiima cha Kiingereza tukifundishe kwa Kiswahili?

Mleta mada: Walimu na wazazi, naombeni mawazo. Nafundisha Kiingereza Darasa la Nne, shule ya serikali. Wiki iliyopita nilitoa sentensi kumi, wapigie mstari kiima (anayezungumziwa) na kuzungushia kiarifu (kinachosemwa juu yake). Aliyepata zote kumi, kesho yake kaniandikia habari za kwao: "My father he is a farmer." Chini yake: "Is raining." Pale juu kiima kimezidi, huku hakipo.

Mimi nakiona Kiswahili humo ndani. Tukisema "baba analima", ile a- tayari inamtaja baba. Mtoto akiikosa kwenye Kiingereza, anachomeka "he". Na "inanyesha" kwetu ni neno moja, atajuaje kwamba "it" lazima isimame peke yake? Basi tuanzie na Kiswahili ubaoni, hata kama mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) amekaa nyuma ya darasa.

Mzazi: Mwalimu, samahani, napinga. Mimi nilipigishwa mistari hiyo mpaka kidato cha nne, na kwenye usaili wa kazi nikababaika vilevile. Wapeni watoto hadithi, waacheni waongee. Sarufi itakuja yenyewe.

Mwalimu wa sekondari: Mzazi mwenzangu, inakuja yenyewe kwa anayesikia Kiingereza kutwa nzima. Hawa wanakisikia kipindi cha dakika 40, halafu kidato cha kwanza wanakuta hesabu, jiografia, baiolojia, vyote kwa Kiingereza.

Nilipowapa wangu "One of the boys … sick" wajaze, karibu wote waliandika "are", kwa kuwa "boys" liko jirani. Nikawaambia waseme kwa Kiswahili. "Mmoja wa wavulana anaumwa." Mbona hamkusema "wanaumwa"? Kimya. Kisha binti mmoja wa dirishani: "Anayeumwa si ni mmoja, mwalimu?" Huyo mmoja ndiye kiima, nikamwambia. Walifuta wenyewe, sikuwaambia wafute.

Mleta mada: Hiyo ya wavulana naibeba kesho. Mzazi, hadithi nakubali kabisa, na mistari mitupu naiacha: watasoma aya, kisha waulizane "nani?" na "kafanya nini?" Ila nisaidieni hapa: "There is a dog outside." Wote wanapigia mstari "there". Nikirudi kwenye "nje kuna mbwa", Kiswahili chenyewe hakinisaidii. Ninyi mnawaelezaje?